Fomu ya Kufagia Soko

Wananchi wote wenye nia njema wanatangaziwa ya kwamba, tangu mwezi wa tatu mwaka huu wa 1994, baraza letu la mji limepiga marufuku mtu kujitolea bila kibali.

Mimi ndiye Mpokeaji Malalamiko. Mshahara sina, lakini niko na meza. Nimebeba mizigo ya wazungu mlimani kutoka Naro Moru, nimeuza mitumba Nanyuki, na sijaona kazi imepangwa vizuri hivi. Tangazo la Mfagiaji wa Soko wa Kujitolea lilibandikwa mlangoni: cheti cha kidato cha nne, barua ya chifu, picha mbili, uzoefu wa miaka mitano. Malipo: shukrani.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Wamucii, muuza kabeji. Miaka kumi na moja alifagia mbele ya meza yake kila asubuhi. Sasa askari wa baraza walikuwa wamemnyang'anya ufagio wakaufungia stoo, kwa kuwa alifagia kabla ya kuhojiwa.

"Mzee, takataka imefika magoti. Wateja wanairuka wanaenda kununua kwa Ngendo. Nirudishieni ufagio yangu."

"Mama, uko na kidato cha nne?"

"Ya kufagia?"

"Ya kujitolea. Kufagia haina shida."

Nikampa fomu ya maombi na ya malalamiko. Anayetia sahihi zote ni karani wa mji, Bwana Kingori. Huyo ni hodari. Akiona mstari mtupu anatia sahihi, akiona nafasi anagonga muhuri, na chai yake haipoi. Wamucii alisimama mlangoni akamwona akimaliza barua ishirini bila kuinua macho. Akazikunja fomu zake akaenda.

Kesho yake akarudi. Fomu ya malalamiko ilijaa. Ya maombi ilikuwa tupu, hata jina hakuna.

"Hii haujajaza," nikamwambia.

"Peleka tu hivyo, mzee. Mkubwa atajaza."

Kubishana si kazi yangu. Nikapeleka. Bwana Kingori akatia sahihi penye mwombaji, akatia penye kuidhinisha, akagonga muhuri mara mbili. Nikaibandika mlangoni, kama sheria inavyosema.

Jumanne, siku ya soko, D.O., mkuu wa tarafa, akapita akaisoma.

"Karani mwenyewe anafagia? Huyu ndiye kiongozi."

Akapiga makofi, na soko lote likapiga. Kingori akaulizia fomu ya kujiuzulu. Kujiuzulu kunataka notisi ya miaka miwili. Kifungu hicho alikiandika mwenyewe.

Siku hizi anafagia kila asubuhi, na suti yake, kwa ufagio wa Wamucii uliotolewa stoo. Wateja wa kabeji wamerudi.

Leo Wamucii amekuja tena mezani kwangu.

"Bado uko na malalamiko, mama?"

"Anaacha maganda chini ya meza. Na ati anashika ufagio kama kalamu."

Nimeandika nakala tatu, nikampelekea Bwana Kingori. Ametia sahihi zote, bila kuinua macho.