Tingatinga Mwenye Goti Bovu

Fujo yote ilianzishwa na televisheni ya kinyozi Marcellin, ambayo kila Jumamosi huonyesha besiboli, mchezo ambao hakuna mteja wake hata mmoja pale Louisville, Marekani, anayeuelewa. Mtangazaji alikuwa anauliza kama timu fulani kubwa imchukue nyota mzee ambaye bega lake limeshonwa na kushonwa tena, na badala yake itoe kijana mwenye afya.

"Munaona?" akasema Zihindula. Huyu huitwa VAR, kama ile video ya marefa wa soka, maana kwake kila jambo lazima lirudiwe. "Wazungu banabadilishana bachezaji vile sisi tunabadilishanaka mbuzi. Na sisi tubadilishe mutu, tumukamate Tingatinga."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tingatinga ni Muzee Nkusi wa timu ya mji wa Columbus, mshambuliaji aliyekuwa anachana nyavu enzi za kambi ya wakimbizi, kabla umri haujamfikia na goti halijapasuliwa. Kombe la Wakongomani huko Buffalo lilikuwa limekaribia, Louisville haina mtu wa kufunga, na Columbus walikuwa wameshaleta ujumbe kwamba wako tayari kumbadilisha na mchezaji mwingine.

Rwema, beki na kapteni wa timu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolewa, shuka shingoni. Jina hilo lilimshtua. Nkusi ni baba wa Kirezi, na Kirezi ndiye msichana ambaye Rwema anataka kumwoa. Kombe likiisha tu, wazee wa ukoo wangekwenda Columbus kumposa. Pale saluni hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Kwao, kule milimani Kongo, mtu hali chakula mbele ya baba mkwe wala hampandishii sauti, sembuse kubadilisha kaptula pamoja naye nyuma ya gari uwanjani.

"Yule muzee amekwisha," Rwema akasema. "Akikimbia leo, goti yake inafikaka kesho."

"Mushambuliaji wa nini kukimbia?" akajibu Ngarambe. Yeye wanamwita Foklifti, kama ile mashine ya kupandisha mizigo ghalani, kwa sababu hubeba maneno ya watu na kuyapandisha juu kabisa ambapo kila mtu atayaona. "Mwaka jana nilimuona na macho yangu. Alisimama tu, mupira ikamugonga kichwa, ikaingia. Hiyo njo inaitwa expérience."

"Njo inaitwa kukosa nguvu ya kuikwepa."

"Bon, turudie," akasema VAR. "We ni kapiteni. Akichoka unamuambia tu: muzee, rudi nyuma, saidia."

"Nimuambie nani arudi nyuma?" Sauti ya Rwema ilipanda kuliko alivyokusudia. "Nimuambie: Muzee, kama itakupendeza, na kama goti itakuruhusu, naomba urudi nyuma kidogo?"

Marcellin, ambaye ndiye kocha wa timu, akazima mashine yake. "Rwema, we unaogopa nini? Ata pasteri unamupigiaka kelele kwa kiwanja."

"Pasteri si baba ya Kirezi."

Neno lilishamtoka. VAR akataka lirudiwe, na Rwema, aibu imemjaa hadi masikioni, akalazimika kueleza yote. Foklifti alicheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo ya wateja.

"Donc, kumbe baba mukwe anavaa kaputula, na mukwe anafunga macho. Na pasi itapita wapi?"

"Mucheke tu," Rwema akasema. "Siku nikimukaripia mbele ya watu, wazee wangu watarudi mikono mitupu. Mie ninamupenda yule binti. Sitaki mupira inikoseshe bibi."

Kicheko kikapungua. Ndipo simu ya Marcellin ikalia, na sauti ya Olivier, kocha wa Columbus, ikasikika saluni nzima.

"Marcellin, tumeamua. Mukamate Tingatinga, na sisi mutupatie Rwema. Ni muzee mwenyewe ameomba hivyo. Anasema hawezi kucheza timu moja na mukwe wake. Kuanguka ataanguka, lakini si mbele ya mukwe. Nangojea jibu."

Akakata. Rwema hakusikia kingine zaidi ya lile neno moja, mukwe, kutoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Furaha ikamjaa. Na Columbus! Kirezi anahudumia wazee kwenye nyumba moja karibu na barabara ya Morse Road huko huko, na kazi za ghala za kumfaa Rwema hazikosekani kule.

"Coach," akasema taratibu, "tufikirie timu. Expérience haiuzwi dukani."

"Na goti?" akauliza Foklifti.

"Goti ni ya kupiga kanisani. Bao anafunga na kichwa."

VAR akainua kidole. "Ngoja. Programu ya Buffalo, mechi ya kwanza kabisa, ni Louisville na Columbus. Tingatinga anakuja mbio na mupira. Beki mwenye kumungojea ni nani?"

Rwema alimwona akilini baba mkwe amelala kwenye nyasi za East Side kule Buffalo, amekumbatia goti, na Kirezi pembeni ya uwanja anatazama ni nani aliyemwangusha.

"Nitamupisha," akasema.

"Utamupisha afunge?"

"Nitamupisha, na nitamusalimia."

"Watu ya Columbus watasema umeuza mechi."

"Waseme. Heri waniite muuza mechi Buffalo kuliko kuniita kapera Columbus."

Foklifti na VAR wakatazamana, kisha wote wawili wakamgeukia kocha.

"Mushambuliaji yao iko yetu," VAR akanong'ona, "na beki yao pia iko yetu."

Marcellin alikuwa ameshashika simu.

"Olivier," akasema kwa upole wa mtu anayetoa sadaka, "tumekubali. Mukuje mumuchukue Rwema leo, kabla hajabadilisha mawazo."