Malalamiko Kuhusu Binti Yako na Transfoma Yangu

Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani, akiwemo binti yako aliyekuja kwako Jumapili na sanduku lake akidai amechoka. Siandiki ili kumsema vibaya. Naandika kwa sababu wewe ndiye uliyemlea, kwa hiyo ni haki mashtaka yaanzie kwako.

Kama ujuavyo, nina amplifaya. Ndani yake mna transfoma, lile dude zito la chuma na nyaya linalopokea umeme, na kwa tabia yake hutetemeka na kuvuma. Mvumo huo hupenya mpaka kwenye spika na kuharibu nyimbo. Binti yako anasema hausikii, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Transfoma haitakiwi kugusa bati la amplifaya, bali ikalishwe juu ya mpira laini. Nilikata vipande kutoka kwenye kandambili za binti yako, tena ya mguu wa kushoto tu, ya kulia nikamwachia nzima. Badala ya kushukuru, alisema maneno ambayo heshima yako inanizuia kuyaandika.

2. Mvumo ulipobaki, nilihitaji chuma cha kuizingira transfoma isiambukize nyaya jirani zake. Chuma chenye unene wa kufaa kilikuwa kwenye trei yake ya kuokea. Ni kweli siku hiyo alikuwa na keki ya harusi ya watu. Lakini keki huliwa ikaisha, Mama, muziki unabaki.

3. Friji. Kila inapojiwasha, spika zinakohoa. Nilimwomba kwa upole aichomoe ninaposikiliza. Nyama ilipooza nikalaumiwa mimi, kana kwamba ng'ombe nilikuwa mimi.

4. Mwishowe niliona dawa ni umbali. Nikaing'oa transfoma, nikaitengenezea kisanduku chake, nikavuta waya mrefu kutoka sebuleni mpaka chumbani. Kitu kinachotetemeka hutulizwa na godoro. Upande wangu wa godoro umebonyea, kwa hiyo nikaiweka upande wake. Hata hapo nilimfikiria, maana transfoma hupata joto na yeye hulalamika baridi.

Alitazama kitanda, akanitazama mimi, akauliza yeye atalala wapi. Nilimweleza kwamba sebuleni kuna kochi, na huko muziki unasikika vizuri zaidi kuliko chumbani. Sijui ni mume gani mwingine angempa mkewe nafasi ya mbele namna hiyo. Yeye akaanza kukunja nguo.

Kwa hiyo naomba umkanye, kisha umrudishe kwa masharti. Asiguse waya wowote. Friji ibaki imechomolewa. Na ikiwa unayo trei ya chuma usiyoitumia, aje nayo, kwa kuwa ile ya kwanza haikutosha. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, nami nimevumilia mpaka meno yanauma.

Mfikishie Baba shikamoo yangu, umsalimie shemeji, shangazi, na yule jirani yenu fundi cherehani anayependa kuniuliza habari za redio. Mwambie kazi inaendelea.

Ni mimi mkweo, ninayekuheshimu kwa masikio yote mawili,

Mume wa binti yako.

Nyongeza: Mama, mvumo umekwisha. Nyimbo nazo zimekwisha. Ule waya mrefu niliuunganisha vibaya, kitu kikafuka moshi, na tangu hapo amplifaya haijatoa hata mkwaruzo. Nyumba imetulia kama nilivyokuwa nikitaka siku zote, na nimeshindwa kukaa ndani yake. Masharti yote nayafuta. Mwambie namwomba radhi, na kwamba nimemkumbuka sana. Jana, pamoja na baridi hii, niliwasha feni ili humu ndani kuwe na kitu kinachovuma.