Ruta Iliyopewa Cheo

Wakazi wote wa Arusha na vitongoji vyake wanapaswa kufahamu kwamba Wakala wa Kuunganisha Ofisi za Kanda, wenye makao yake Sekei, haukuwahi kuwa na matatizo. Ulikuwa na changamoto. Nayasema haya nikiwa niliyekuwa Katibu wa Kamati ya Kuipa Ruta Jina, kamati pekee ya Wakala iliyowahi kumaliza kazi yake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila ofisi ikihimizwa iende na wakati na kila mtumishi akihofia kupunguzwa kazini. Mkurugenzi wetu, Ndugu Melkizedeki, hakuhofia. Alikuwa mtu mzito, kwa umbo na kwa maamuzi. Ilipoletwa ruta mpya, kile kisanduku kinachoelekeza taarifa za ofisi moja zifike ofisi nyingine, alishuka mwenyewe kuiona. Fundi wetu Rukaiya, binti wa wauza vitambaa wa mjini, alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akamwonyesha kioo cheusi chenye maandishi meupe. Hakukuwa na picha wala rangi. Ruta ile iliandikiwa amri, mstari kwa mstari, nayo ikatekeleza.

"Haidai posho?" Mkurugenzi aliuliza.

"Haidai, mzee."

Akaipenda hapo hapo. Kisha akaona neno moja likijirudia mwanzoni mwa kila mstari, "Router", akataka kujua ni nani huyo. Rukaiya akamweleza kwamba ndilo jina ruta inalotoka nalo kiwandani, na kwamba kulibadilisha ni amri moja tu, kazi ya dakika moja. Mkurugenzi akasema mali ya umma haibatizwi kwa dakika moja.

Ndipo ikaundwa kamati. Ili tupate utulivu wa kufikiri, tulihamia hoteli moja karibu na Makumira, tukafikiri mpaka wapishi wakatujua kwa majina. Jina la Meru lilikataliwa kwa sababu mlima ule uliwahi kulipuka. Themi nalo likakataliwa, kwa kuwa mto hupungua maji kiangazi. Mjumbe mmoja alipendekeza Uwazi. Akaombwa aliondoe pendekezo lake, akaliondoa. Mwishowe mimi, kwa kusukumwa na uzalendo, nikapendekeza MKURUGENZI. Makofi yalipigwa mpaka soda zikamwagika. Mwenye cheo alilipokea kwa unyenyekevu, akaagiza liandikwe kwa herufi kubwa.

Siku ya kuliandika, Mkurugenzi alishuka tena kwenye ruta, sisi wanakamati nyuma yake. Rukaiya alitahadharisha kwamba jina hilo ndilo litakalosomwa Dar es Salaam, makao makuu, kila asubuhi ruta itakapotuma taarifa ya hali yake. Mkurugenzi akamjibu kwamba hiyo ndiyo faida yenyewe.

Alipokuwa anainuka akaiona saa. Ruta ilisema 08:00.

"Mimi nimeingia hapa saa mbili," alisema. "Hiyo nane ni ya nani?"

Rukaiya alijaribu kumweleza kwamba ni saa ile ile, ila mtambo huanza kuhesabu saa sita usiku. Mkurugenzi akauliza nchi hii ilipata uhuru ili ihesabiwe saa na nani. Binti akaandika amri, saa ikarudi nyuma, ruta ikasema 02:00. Tukapiga makofi tena.

Matunda hayakuchelewa. Huko Dar, wakubwa walianza kusoma kila siku: MKURUGENZI, ARUSHA, YUKO KAZINI, 02:00. Kwao hiyo ilikuwa saa nane usiku. Wakashangaa mtu gani huyu anayeamka usiku wa manane kuwatumikia wananchi, wakamtunuku cheti cha utumishi hodari, chenye fremu. Siku ya kukabidhiwa, mwezi Machi, Ndugu Melkizedeki alisimama mbele ya wageni na kutamka kwamba MKURUGENZI wanayemsoma kwenye taarifa ndiye huyu wanayemwona. Rukaiya alinitazama. Mimi nilitazama soda yangu.

Kisha likaja Kombe la Dunia, lile lililochezwa Asia, mechi zikionyeshwa saa za kazi. Umeme wa mji ulikuwa ukikatika hovyo, hivyo Mkurugenzi akaagiza betri ya akiba itolewe kwenye ruta na ipandishwe ofisini kwake, iiwashe televisheni. Uamuzi huo ulizingatia vipaumbele. Tangu hapo, kila umeme ulipokatika, ruta ilizimika na ofisi zote za kanda zikakosa mawasiliano, na Dar wakawa wanasoma: MKURUGENZI HAPATIKANI. MKURUGENZI AMEWAKA. MKURUGENZI AMEZIMIKA.

Pale mapokezi alikuwepo mzee mmoja, Yoeli, mfugaji kutoka magharibi mwa Meru. Alihitaji kibali cha kusafirisha ng'ombe, na kibali kilipaswa kuthibitishwa Dar kwa mtandao. Ng'ombe walikuwa kwenye zizi la kukodi, wakikonda. Kila alipokuja, nilimjibu kwa usahihi kwamba MKURUGENZI hapatikani. Alikuwa akikaa kwenye benchi, fimbo magotini, akisikia kelele za goli kutoka ghorofani.

Siku moja alikaa karibu naye mama mmoja aliyevaa viatu vya safari. Akamuuliza mzee amekwama wapi.

"Naambiwa Mkurugenzi hapatikani," Yoeli alisema. "Lakini nikisimama pale nje namwona dirishani, anatazama mpira."

Mama yule aliitwa Hedwiga, mkaguzi kutoka makao makuu, na hakuwa ametuarifu kwamba anakuja, jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa utovu wa utaratibu. Alipanda ngazi, nikamfuata na kalamu. Ndugu Melkizedeki alipunguza sauti ya televisheni kwa heshima. Alieleza kwamba kilichokuwa kinazimika ni kisanduku tu, kwamba kosa ni la fundi, na kwamba fundi huyo ataondolewa kazini leo hii.

Rukaiya aliitwa. Mshahara wake ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wake, lakini alisema aliyoyajua: aliomba betri irudishwe, akajibiwa kwamba mtambo wa serikali lazima ujifunze uvumilivu.

Hedwiga aliitazama betri iliyokuwa chini ya televisheni. Kisha akakitazama cheti ukutani.

"Machi ulisema MKURUGENZI ni wewe, ukapewa hiki," alisema. "Leo unasema ni ruta. Kama ni ruta, nipe cheti nirudi nacho. Kama ni wewe, basi umezimika saa za kazi mwezi mzima. Ni nani?"

Ndugu Melkizedeki alikitazama kile cheti, fremu yake ya dhahabu, jina lake.

"Ni mimi," akasema.

Akapunguzwa siku hiyo hiyo, kwa kukiri kwake mwenyewe. Betri ikateremshwa. Mimi nilishauri iundwe kamati ya kubadilisha jina la ruta, na nilikuwa bado naulizia ukumbi Rukaiya alipolifuta jina hilo kwa amri yake moja na kurudisha saa mahali pake.

Mchana ule umeme ulikatika tena. Ruta haikutikisika, na kibali cha Mzee Yoeli kikatoka. Alikikunja, akauliza yule bwana wa dirishani kaenda wapi. Nikamjulisha, kwa lugha rasmi, kwamba Wakala kwa sasa hauna Mkurugenzi.

Akasema ng'ombe wake hawataona tofauti.