Zamu Yangu kwa Mama Dubu

Jumatatu, 2 Machi

Baridi ya kuua. Nimekaa jikoni, miguu karibu na jiko, namwandikia Daktari Aasen, yule mwanamke mtafiti wa dubu, kwenye daftari lake: "Saa nne asubuhi. Mama dubu amegeuka ubavu. Watoto wananyonya, wanavuma kama cherehani." Nzuri hiyo! Pango lenyewe liko msituni nyuma ya ghala langu, chini ya mti ulioanguka, mwendo wa dakika kumi. Sijawahi kufika. Januari nilifika nusu ya njia, tawi likakatika mahali fulani, nikarudi mbio hadi nikapoteza glavu.

Sioni ubaya. Dubu analala, mimi naandika kwamba analala. Ila Daktari anasema dubu hawalali fofofo, wanasinzia tu, na wanasikia. Alilisema hilo huku anatabasamu! Tangu siku hiyo nafunga mlango kwa makomeo mawili.

Lakini zamu siiachii. Daktari akija kupima, mama anadungwa sindano ya usingizi na watoto wanatiwa ndani ya makoti ya watu wasipate baridi. Mlinzi wa pango ndiye anayepewa mtoto wa kwanza kumshika. Miaka minne mfululizo amekuwa shemeji Verner, na picha yake iko ukutani mkahawani, anacheka na mtoto wa dubu kidevuni. Mwaka huu nilimnong'oneza Daktari kwamba magoti ya Verner yamekwisha. Yako sawa kabisa.

Jumanne, 3 Machi

Daktari amepiga simu. Amelisifu daftari, hajapata kuona mlinzi makini hivi! Kisha akasema anakuja Jumamosi na atafuata njia yangu ya kila siku.

Njia gani? Theluji inafika kiunoni, haina hata alama ya kiatu changu!

Mchana akaja Verner. Akachungulia dirisha la nyuma, akauliza kama siku hizi naruka, mbona msituni hakuna nyayo. Nikasema upepo umezifuta. Akasema huo upepo una akili sana, umefuta zangu ukaacha za kulungu. Nilimpa kahawa ya jana.

Jumatano, 4 Machi

Nimepata! Mashine ya kurusha theluji. Ina kelele, na mtu aliye nyuma ya kelele anajisikia mkubwa. Nimechonga njia safi, pana, kutoka ghalani hadi chini ya mteremko. Zilipobaki hatua kumi na tano kufika pangoni nikaona tundu dogo kwenye theluji, ukingo wake umeganda rangi ya manjano. Pumzi! Kuna mtu anapumua humo chini! Nikageuza mashine. Nilikaa kwenye mvuke wa moto wa sauna saa mbili nzima na meno bado yaligongana.

Ijumaa, 6 Machi

Nimelowa hadi mifupani, nitaandika hivyo hivyo.

Joto lilipanda ghafla, mvua tangu alfajiri. Verner aliingia bila kubisha. Akasema theluji ya uwanja mzima imeyeyuka na inateremka kwenye njia yangu kama mfereji. Akauliza kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko matusi, njia hiyo inaishia wapi.

Nilijua inaishia wapi.

Nikamwomba aende yeye. Akasema angekwenda, lakini si magoti yamekwisha? Kisha akachukua makoleo mawili, akanitupia moja, akatoka. Nikamfuata.

Watoto walikuwa wanalia. Kwenye daftari nimeandika vilio thelathini na saba na hakuna hata kimoja kinachofanana na hicho. Kile kilikuwa kilio cha kichanga cha binadamu. Verner akabaki juu kuziba njia. Akanipigia kelele: "Chimba mlangoni, shemeji! Watazama hao!" Nikalala kifudifudi nikachimba, nalia na mimi. Nikainua macho. Mama dubu alikuwa hapo, mbali nami kama urefu wa koleo, maji ubavuni, watoto kawakumbatia juu ya kifua. Akapuliza. Akagonga meno.

Nikasema, "Shikamoo, mama." Ndilo lililonijia. Nikaendelea kuchimba nikiwa nimefumba macho, hadi maji yakapinda kuelekea bondeni.

Wote wazima. Mama na watoto wawili.

Daftari langu linasema watatu.

Jumamosi, 7 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Daktari amefika na wasaidizi, mama akadungwa sindano, watoto wakatolewa. Wa kwanza akatiwa kwenye koti langu. Kucha zake ni kama sindano, na ana joto, ana moyo unaokimbia kama wangu. Kwa muda mfupi nilisahau kila kitu.

Kisha Daktari akahesabu. Akafungua daftari. Rangi ikamtoka usoni, akauliza yule wa tatu yuko wapi. Akavua glavu, akaingiza mikono kwenye matope ya barafu. Wote wakapiga magoti. Walitafuta saa nzima, vidole vikawa rangi ya zambarau, na Daktari alikuwa analia waziwazi.

Verner akanisogelea, akaniambia pole pole, "Sema sasa, shemeji." Nikafungua mdomo. Nia ilikuwepo, naapa! Nikajisikia nikisema: "Alikuwa mdogo kuliko wenzake. Ana doa jeupe kifuani."

Verner alirudi kwake bila kuniaga.

Jumapili, 8 Machi

Sikulala. Nimemfikiria Daktari, yule mwanamke, na vidole vyake. Hapana, ukatili huu siuwezi, lazima nimalize jambo hili kama mwanamume. Saa tatu asubuhi nikachukua simu, nikampigia Daktari. Nikamwambia kila kitu: kwamba nimetoka pangoni sasa hivi, na nimemwona wa tatu kwa macho yangu, mzima, kajificha kwapani mwa mama yake.

Alilia kwa furaha. Nimejisikia mwepesi! Anakuja kesho na mizani, kumpima huyo wa tatu.