Mgonjwa Wangu wa Zombe

Jumatatu, 7 Februari 1983

Nimekimbia tena na klabu ya mbio alfajiri. Wiki ya tatu sasa. Mama hajui. Anadhani nawahi foleni ya maji, na kweli narudi na maji.

Shida si klabu. Shida ni njia ya kufika kwa Othman, fundi cherehani ambaye ndiye kapteni wetu. Nisipoikimbia nachelewa. Na msichana mkubwa akikimbia peke yake hapa Kitui, watu huuliza ni nani amekufa. Leo karibu na kinu cha posho wanawake watatu wamenifuata mbio, mmoja na mwiko mkononi. Wakauliza mwizi ameelekea wapi. Nikaonyesha upande wowote. Wakaenda.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Othman atachagua wasichana wanne wa kwenda mashindano ya Machakos. Nataka kuwa mmoja wao kuliko ninavyotaka matokeo ya mtihani. Nikikimbia hakuna anayenisemesha. Kidato cha nne sikuweza hata kuitikia jina langu. Mwalimu aliniandika sipo muhula mzima, nami nimeketi mbele yake.

Mama amesema akisikia upuuzi wowote juu yangu wakati huu wa kungoja matokeo, ananipeleka mji wa Salama kwa shangazi Mumbua, nikahudumu hotelini kwake. Kule unasimama dirishani unapaza sauti: chai mbili, chapati nne! Mbele ya madereva wa malori. Nimeiota mara mbili. Mara zote nimeamka na jasho.

Jumanne, 8 Februari

Nimepata njia. Anayekimbia na kitu mkononi ametumwa, na aliyetumwa hasumbuliwi. Nimechukua chupa ya zamani ya dawa ya kikohozi, nikaijaza chai ya rangi, nikaishika juu wote waione.

Imefaulu. Wanaume wamenipisha. Punda amesogezwa pembeni.

Mama Shufaa, anayekaanga mandazi karibu na msikiti, ameuliza nani mgonjwa. Sikuwa nimejiandaa kwa maswali. Mdomo wangu ukasema, Susu. Nyanya yangu, mama yake Mama, yuko Zombe, mzima kabisa, analima kuliko wanaume wawili. Lakini Zombe ni mbali. Nani atakwenda kumwangalia?

Alhamisi, 10 Februari

Mama Shufaa ameuliza kama Susu ana nafuu. Nimenyamaza kwa sababu mimi hunyamaza. Amenielewa vibaya. Amesema, "Pole, mwanangu, usinieleze," akanipa mandazi mawili. Nimeyala. Yalikuwa matamu na niliogopa kila nilipouma.

Jioni Mama amerudi na furaha. Mwenye bucha amemkatia nyama nzuri bila kuombwa. Amesema Mungu anawakumbuka wajane. Nimekwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 11 Februari

Klabu imesikia. Aliyeileta habari ni Mutindi, tuliyekuwa naye darasa moja. Yeye hukimbia mchana kweupe akiwa na kaptura, kwa kuwa baba yake ni polisi na nyumba ya polisi haiulizwi mambo. Amesema mbele ya wote kwamba ningekuwa ninaongea kama watu wengine, wangejua mapema.

Othman amesema klabu hii si ya kushindania vikombe tu. Ametukumbusha vijana waliompelekea Mzee Ndolo vidonge vya kifua mwezi mzima, na siku tulipomtafuta mtoto wa Yakub, mwenzetu wa klabu, tukampata kwenye mchanga wa mto. Kwa hiyo Jumamosi ya uchaguzi tutakimbia kwa kupokezana hadi Zombe, tumpelekee Susu blanketi na sukari.

Nimetaka kusema ukweli. Nimesema, "Lakini." Othman amesema hakuna haja ya shukrani.

Jumapili, 13 Februari

Siku mbaya kuliko zote.

Mchungaji Jonah amesimama akaomba tumkumbuke mama wa dada yetu Nthenya, aliye mahututi huko Zombe. Nthenya ni Mama. Amegeuka nyuma kutafuta Nthenya mwingine. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye.

Hapa kwetu mwenye mgonjwa ndiye huambiwa wa mwisho. Majirani huambiana kwanza, wakaanza kumtendea mema. Mama anajua hivyo. Amekumbuka ile nyama. Njiani amesema kwa sauti ndogo kwamba ikiwa walimkatia nyama tangu Alhamisi, basi mamake hayupo tena. Kisha ameniuliza, "Ndila, ulijua?"

Nimesema nilisikia kwa watu. Hilo nalo ni kweli, kwa sababu sasa watu wote wanasema.

Anaondoka kesho kwa basi la asubuhi. Nimeandika barua haraka: *Susu, tafadhali ukimwona Mama lala kidogo. Uwe mgonjwa hadi Jumamosi. Nitakueleza. Ni mimi Ndila.* Nimempa Kiilu wa klabu, anayekwenda Zombe na baiskeli leo hii. Alipokwisha kupotea ndipo nikakumbuka kwamba Susu hajui kusoma.

Jumatatu, 14 Februari

Mama ameondoka na kitambaa cheusi ndani ya mkoba. Ameniaga kama mtu anayemuaga yatima mwenzake.

Kufika saa nne uwanja wa nyumba yetu ulikuwa umejaa watu. Klabu imeleta lile blanketi la Susu na mitungi ishirini ya maji, kwa miguu, kutoka mtoni. Othman amefagia. Mama Shufaa amekuja na unga na sufuria zake kubwa. Kila gari lililopita nilidhani ni Mama.

Mutindi ameosha vyombo vyote, hata vya wageni. Amesema alidhani mimi naringa, kumbe nilikuwa na mzigo. Amenishika bega. Nilitamani anitukane kama zamani.

Jumatano, 16 Februari

Wamerudi wawili.

Susu ameingia uwanjani na gunia la mbaazi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Mtu mmoja wa klabu ametoka mbio, na ni mwenye kasi. Kisha Mama Shufaa amesema Mungu ni mkubwa, amepona, na wote wakaanza kumshika Susu mikono kuona kama ina joto.

Tumebaki watatu ndani, mlango umefungwa. Susu amesema mwalimu Kivuva alimsomea barua yangu. Amelala siku nzima kama nilivyomwomba. "Mtoto huyu, mgongo unauma kwa kulala. Na mbuzi nani anachunga?"

Mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Ameeleza jinsi alivyokaa ndani ya basi akichagua nyimbo za mazishi ya mama yake. Kisha ameuliza ni kwa nini.

Nimesema, "Nakimbia, Mama."

"Unakimbia nini?"

"Hakuna. Nakimbia tu."

Mama amekunja kile kitambaa cheusi, akakirudisha mkobani. Ameamua hivi: Jumapili nisimame kanisani, niwaambie watu ukweli kwa mdomo wangu. Nikifanya hivyo, klabu ruhusa. Nikishindwa, Jumatatu ni Salama.

Sijui ni kipi kinatisha zaidi. Nimetetemeka hadi Susu akaleta lile blanketi la klabu.

Jumapili, 20 Februari

Jana mbio zilikuwa za kuzunguka mji, maana mgonjwa wa Zombe yuko kwetu anakula. Nimekuwa wa tatu. Mutindi wa pili. Nimechaguliwa. Sikulala.

Leo kanisa lilijaa. Klabu yote imekuja kunitia moyo, hata Othman na Yakub, wameketi karibu na mlango na kofia zao za msikitini. Mchungaji ameniita. Nimesimama. Nimejifunza sentensi moja kwa siku nne: *Susu hakuwa mgonjwa, nilidanganya.* Nimefungua mdomo. Nyuso zote zile. Maneno mawili tu yametoka.

"Susu amepona."

Wamepiga vigelegele. Wameimba beti zote. Susu, kiti cha mbele, amesema amina kwa sauti kuliko wote. Mama amefunika uso kwa mikono, na waliokuwa karibu naye wakadhani ni furaha.

Nyumbani Mama ameniambia kwamba sasa hata Salama hawezi kunipeleka. Watu watamuuliza anamfukuzaje mtoto wa muujiza. Nikimbie nikitaka. Yeye amechoka.

Kwa hiyo nimeshinda. Ila Mchungaji amepita jioni. Anataka nitoe ushuhuda huo kila Jumapili, kanisa moja baada ya jingine, kuanzia wiki ijayo.

Nimefikiri sana. Mtu mwenye mguu mbovu hawezi kuzungushwa makanisani. Kesho naanza kuchechemea. Mazoezi ni alfajiri, kungali giza, hakuna atakayeona. Nimeshamwambia Mama Shufaa kwamba ni goti.