Keki ya Maranda

Kalinga alitangaza mbele ya chai kwamba kazi za nyumbani ni mchezo wa watoto, na kwamba wanawake wanazikuza tu ili waonewe huruma!

"Mimi nasimamia mashine ya kupasua mbao Mafinga," alimwambia mkewe, Severina, asubuhi ya mkesha wa Krismasi, kifua kimemvimba kama andazi lililozidiwa hamira. "Gogo la paini lenyewe linaniheshimu. Keki ndiyo initishe?"

"Baba watoto, leo mama anakuja kutoka Nyololo."

"Aje! Atakuta nyumba inang'aa na keki iko mezani. Wewe nenda zako mazoezi ya kwaya."

Severina hakubishana. Mwanamke mwenye akili akipewa likizo haulizi sababu. Alibeba mwavuli akatoka, ila getini akageuka. "Mama anaingia jioni. Usije ukaniaibisha!"

"Mimi? Kalinga?"

Sasa, huyo mama mkwe hakuwa mtu wa kutaniwa. Kwa adabu za Kihehe, mkwe humkaribii ovyo, humtazami machoni, wala hupigi naye soga jikoni. Tangu siku ya mahari, Kalinga alikuwa anautamani mdomo wa yule mama utamke neno moja tu: "Binti yangu amepata mume." Mwaka wa tisa huu, mdomo ulikuwa haujatamka.

Akaanza na nguo. Zote beseni moja, nyeupe na nyekundu, kwani nguo zina ukabila? Shati lake jeupe la kanisani likatoka na rangi ya soseji. Akadeki sebule kwa ndoo nne, sebule ikawa Bwawa la Mtera, kandambili zinaelea.

"Safi!" akajipongeza, akakaa kupumzika kabla hajachoka.

Akawasha runinga. Kulikuwa na filamu ya Krismasi, zile zilizotafsiriwa Kiswahili, ambamo sauti moja ya mtafsiri inasema maneno ya watu wote mpaka ya mbwa. Mwanamke wa mjini amerudi kijijini kwao, theluji inaanguka, akakutana na mwanamume mpole anayeoka biskuti amevaa aproni. Kalinga akapenda ile aproni. Kwa kuwa hakuwa nayo, akachukua doti ya kanga za mkewe: moja akajifunga kiunoni, ya pili akajitupia mabegani kama skafu ya yule bwana.

Akavunja mayai, akamwaga unga. Nusu uliingia kwenye bakuli, nusu ukampaka usoni na kwenye masharubu. Kuoka kwa mkaa alikuwa ameona mkewe akifanya: sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ya keki juu ya mchanga, kisha mfuniko wenye makaa. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mchanga ulikuwa tope.

Kalinga akakuna kichwa. Akaliona gunia la maranda ya mbao aliyoyaleta kutoka kiwandani kwa ajili ya banda la kuku. Makavu! Mepesi! Ya bure!

"Mchanga ni wa watu wasiofikiri," aliwaambia kuku. Akayajaza maranda kwenye sufuria, akaweka keki, akapanga makaa chini na juu, akarudi kwenye filamu yake.

Alirudi wakati muafaka. Yule bwana na yule dada wamesimama kwenye theluji, wanatazamana. "Hapo sasa jamaa anataka kufunguka, tulieni wadau!" akasema mtafsiri. Kalinga akatulia. Chozi likamlenga. Moshi ukaingia sebuleni, yeye akadhani ni ukungu wa kwenye filamu.

"Motooo!" jirani yake, Masumbuko, akapiga yowe juu ya ukuta. "Jamani, kwa Kalinga kunaungua!"

Kalinga akachomoka. Jiko la uani lilikuwa linafuka kama tanuri la matofali. Akajifunika kanga kichwani, akaenda kufunua sufuria. Aisee! Ulimi wa moto ukamlamba nyusi, na masizi yakakaa juu ya unga. Kabla hajapiga kelele, ndoo nzima ya maji ya baridi ikamshukia yeye, keki na kuku wawili.

Aliyeimwaga alikuwa mama mkwe. Alikuwa amepata basi la mapema.

Kalinga akaivuta kanga mpaka puani, akapiga goti kwenye matope. "Shikamoo, bibi," akasema kwa sauti ya mbu.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye dada wa kazi?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema ukweli. Masharubu yakatetemeka chini ya kanga.

"Ndiyo, bibi."

"Na baba mwenye nyumba?"

"Yuko... Mafinga."

"Afadhali! Yule angetufundisha kwanza namna ya kuzima moto."

Mama akavuta kigoda. Dada wa kazi akakausha sebule, akasugua sufuria, akafagia banda, akamenya ndoo ya viazi.

"Nyembamba, binti, nyembamba! Hapa hatupasui mbao!"

Kalinga akashtuka, kisu kikamponyoka. Lakini mama alikuwa anatazama mawingu tu.

Mama alipoingia ndani kumlaki Severina aliyekuwa anarudi, Kalinga akaingia chumbani kwa dirisha. Akanawa, akavaa suti na lile shati la soseji, akanyakua begi tupu, akatokea dirisha lilelile, akazunguka hadi getini.

"Hodi! Ndiyo naingia kutoka Mafinga!"

Severina akafungua mdomo. Kalinga akamkonyeza. Akaufunga.

"Kamwene, baba," mama mkwe akamsalimia Kihehe kwa adabu, macho chini. "Pole na safari. Nimemsifu sana dada wenu wa kazi."

"Dada gani, mama?" Severina akauliza. "Mbona sisi hatuna dada wa kazi?"

"Mnaye. Mrefu, ana masharubu. Ni mchapakazi yule, akielekezwa. Mwambieni kesho awahi, kuna utumbo wa mbuzi wa kuosha."

Severina akang'ata upindo wa kanga yake, mabega yanacheza.

Kalinga akatazama viatu vyake. "Nitamwambia, mama."