Kisanduku Kinachomkataa Mamba Wangu

Mpwa wangu mpendwa, Fundi Mkuu wa Kompyuta wa ukoo mzima,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi mzima wa afya, mke wangu mzima. Mgonjwa ni kile kisanduku cheusi ulichokifunga hapa sebuleni kando ya ruta ya intaneti, ukaniapia kwamba kila siku saa kumi jioni kitachukua nakala ya maandishi yangu, ili siku kompyuta ikifa, kazi yangu isizikwe nayo.

Kama ujuavyo, Jumamosi hii dada yangu, yaani mama yako, anatimiza miaka sitini, na mimi ndimi niliyepewa heshima ya kuwasomea watu kisa cha jinsi nilivyomwokoa na mamba tulipokuwa wadogo. Kompyuta nayo siku hizi inajizima kila ikijisikia. Ikikata roho kabla ya Jumamosi, nitasimama mbele ya ukoo kama bwana harusi aliyefika bila bibi harusi. Kwa hiyo nalalamika rasmi, kama ifuatavyo:

1. Kisanduku kimeshindwa kazi siku kumi na tisa mfululizo. Kila saa kumi, wakati maneno yananimiminika, taa inageuka rangi ya chungwa na kompyuta inaniandikia: "Faili linatumika. Nakala haikukamilika." Hakuna shikamoo, hakuna samahani.

2. Usidhani nimekaa kama furushi. Shule niliiacha walimu walipoishiwa maswali, lakini nimetengeneza makochi miaka ishirini na sita na hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kunishinda. Nimebadilisha waya. Nimekizima na kukiwasha mara saba. Nimekipangusa kwa brashi ya viatu (mpya). Nimekipandisha juu ya kabati kipate hewa, nikakishusha kitulie. Mke wangu ameniuliza kama nimemwoa yeye au kisanduku. Nikaendelea kupangusa, fundi akiwa kazini hajibizani.

3. Baada ya uchunguzi nimegundua kwamba mgomo ulianza jioni ile ile mamba alipofika urefu wa mita sita. Nikasema, aha, hatoshei! Kwa moyo mzito nikampunguza nusu mita. Kikakataa. Nikamkata mkia wote, mpwa wangu, mkia niliouhangaikia wiki nzima. Kikakataa. Nikaurudisha mkia, na kwa hasira nikamwongezea mita mbili. Kikakataa vile vile. Kumbe tatizo si ukubwa. Ni dharau.

4. Nilipokupigia simu ulinijibu, "Mjomba, ikifika saa kumi funga faili, kanywe chai, kinakili kwa amani." Nakuheshimu kwa cheti chako, lakini hapo umeteleza. Kisa kikishachemka hakiepuliwi. Tena kumbukumbu zangu huja saa kumi hiyo hiyo: juzi tu nimekumbuka kwamba mamba walikuwa wawili, na mmoja alikuwa chongo.

5. Kwa ushahidi huo naona bayana kwamba kisanduku hakiniamini. Kimekaa pale kinakonyeza taa kama shemeji yangu nikianza kusimulia. Kama chombo cha kuhifadhi maneno ya mtu kinaanza kuyachuja, kesho ruta nayo itataka mashahidi!

Naomba basi: kisanduku kiandikiwe, kwa lugha ya kompyuta, kwamba mimi ni mtu mkweli, kiniombe radhi mbele ya kikao cha ukoo, na ikishindikana, uking'oe upesi uniletee kingine chenye imani.

Nisalimie mumeo, wanao, jirani yako yule mpole, na mashine yako ya kuchapa ambayo haijawahi kunikosea adabu.

Ni mimi mjomba wako, msema kweli, mshinda mamba (wawili).

Nyongeza, kabla sijafunga bahasha:

Usije ukakigusa kisanduku. Mama yako amepita hapa mchana huu, akakifungua kwa simu yake kama ulivyomfundisha. Kumbe kinashindwa jioni tu. Kila alfajiri kinajaribu tena, na kwa kuwa mimi nakoroma na faili limefungwa, kinanakili kimya kimya. Na hakitupi kitu. Nakala zote zimo, tangu ya kwanza kabisa.

Ya kwanza niliiandika kabla mkono haujazoea. Humo mnyama ni kenge. Maji yanafika magotini. Aliyejitosa ni msichana wa miaka tisa mwenye fimbo, na anayelia "Dadaaa!" juu ya jiwe ni mimi.

Ameisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikawa natafuta skrubu sakafuni ambayo haikuanguka. Kisha akafuta macho kwa upindo wa khanga. Akasema, "Mdogo wangu, miaka hamsini na moja hii nilidhani umesahau. Hii ndiyo utakayonisomea."

Basi nitaisoma hiyo hiyo. Saa kumi ya leo nimefunga faili nikanywa chai, na taa imewaka kijani kibichi.

Ila kenge alikuwa mkubwa, mpwa wangu. Muulize mama yako. Hilo hata yeye hakatai.